Kuuchora mji wa Dar es Salaam kwa sanaa dhahania: mwongozo kamili kuanzia kivukoni hadi ukutani

Panda kivuko upande wa Kigamboni saa 1 asubuhi. Jua liko mgongoni mwako na mji mzima uko mbele, umepigwa mwanga. Ghorofa za vioo zinamulika, paa la vigae vyekundu la kanisa la Azania Front limejikunyata chini yake, na maji ya mlango wa bandari yanavunja yote hayo vipande vipande. Baada ya dakika chache kivuko kinagusa gati na watu wanakimbilia magari. Kile kilichobaki kichwani mwako wakati unashuka, kabla hujatoa simu mfukoni, ndicho picha yako.

Ninaanzia hapo kwa makusudi. Wengi wanaotaka kujaribu sanaa dhahania huanzia dukani: wananunua rangi, wanazimwaga, wanazivuruga, halafu wanatafuta mji ndani ya ule mvurugo. Mji hauji kwa njia hiyo. Dhahania, au abstrakti kama wachoraji wengi wanavyoiita, ni kukitazama kitu kilichopo mpaka ujue sehemu gani yake ukiibakiza peke yake bado kitatambulika. Mkazi wa Dar anaijua kazi hii bila kufundishwa. Daladala ikiwa bado mbali, kibao chake hakisomeki, lakini mstari wa rangi uliozunguka ubavu umeshakuambia kama ni ya njia ya kwenu au siyo. Gari zima limekuwa mstari mmoja wa rangi, na hujakosea.

Mwongozo huu unafuata picha moja ya sentimita 60 kwa 80, mji ukionekana kutoka majini, kwa rangi za akriliki, zile zinazochanganywa na maji na kukauka haraka. Tenga siku tatu za kupaka, na kabla yake siku kadhaa za kutembea na kutazama. Ukiwa Mombasa, Mwanza au Bujumbura, badilisha mandhari na ubaki na hatua zilezile.

Kwenda kutazama

Nenda mara tatu, si lazima siku moja. Asubuhi, ukiwa Kigamboni, jua linatoka nyuma yako na kila ukuta unaoelekea bahari unawaka. Hapo rangi ni nyingi na vivuli ni vichache. Saa 6 mchana jua liko utosini, vivuli vimejificha chini ya mabaraza na mapaa, na rangi zote zimepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia. Saa 12 jioni mambo yanageuka kabisa: jua linazama nyuma ya mji, na ghorofa zote, ya vioo na ya saruji, mpya na ya zamani, zinaungana kuwa kipande kimoja cheusi kilichokatwa kwa mkasi. Hiyo ni miji mitatu tofauti. Chagua mmoja. Picha nyingi zinazoshindwa ninazoziona zimechanganya anga ya jioni na kuta za asubuhi, na jicho la mtazamaji linahisi uongo huo hata kama mdomo wake hauwezi kuutaja.

Beba daftari na penseli, kamera iache kwanza. Picha ya simu inakuletea kila kitu kwa usawa: dirisha la ghorofa ya 20 lina uzito uleule wa mnara wa kanisa. Jicho lako halikuona hivyo. Halafu upande wa Magogoni kuna Ikulu na bandari, si mahali pa kuelekeza lenzi ovyo.

Finya macho mpaka kope zikaribie kugusana. Madirisha yatapotea, maandishi yatapotea, na utabaki na mabonge matatu au manne ya giza na mwanga. Hayo ndiyo mifupa ya picha, kwa hiyo yachore yalivyo. Pembeni andika maneno badala ya kuchora vitu vidogo: "nyeupe inayouma macho", "kijivu chenye ubuluu kama moshi wa mkaa", "kutu". Maneno hayo yatakusaidia kuchanganya rangi kuliko picha yoyote, kwa sababu yameandikwa na mtu aliyekuwa pale.

Kabla ya kurudi nyumbani, andika sentensi moja tu inayosema umeona nini. Ya kwangu kwa picha hii ni: "Ghorofa za vioo zinalielemea paa moja jekundu." Sentensi hiyo itaamua kila kitu kinachofuata, mpaka ukubwa wa brashi. Ukiwa na sentensi mbili, una picha mbili.

Mtu aliyeenda Kariakoo angetoka na sentensi nyingine kabisa, pengine kuhusu mbingu iliyobanwa kuwa utepe mwembamba kati ya majengo, na vitenge vikiwa vimejaa chini. Mji Mkongwe, Unguja, unadai picha ya wima: vichochoro ni vyembamba, na mwanga unaingia kama kisu.

Vijichoro vya dakika tano

Usiguse kanvasi bado. Kwenye karatasi ya kawaida chora vibox vya sentimita 6 kwa 8, ambao ni uwiano uleule wa 60 kwa 80, viwe angalau sita. Kila kimoja kipe dakika tano na viwango vitatu tu vya mwanga: giza, wastani, na weupe wa karatasi. Mkaa wa kawaida wa jikoni unatosha: ukikandamiza unapata giza, ukisugua kwa kidole unapata wastani.

Hapa ndipo picha inapofaulu au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jambo la kwanza ni kuunganisha. Ghorofa tano zilizo kivulini si maumbo matano, ni umbo moja lenye ukingo wa juu uliokatika kama meno. Kivuli cha gati kinachoungana na tumbo la kivuko nacho ni umbo moja. Anayechora kila jengo peke yake anatengeneza orodha ya majengo. Ukiwa na zaidi ya maumbo makubwa saba kwenye kijichoro, unganisha tena.

La pili ni kutolingana. Gawa eneo ili kiwango kimoja kitawale. Mimi hupenda takriban sehemu 6 kati ya 10 ziwe za wastani, 3 za giza na 1 ya mwanga mkali. Mwingine atageuza na kufanya giza litawale, akapata mji wa usiku. Kinachoua ni theluthi, theluthi, theluthi. Vivyo hivyo mstari ambapo maji yanakutana na mji usiuweke katikati ya kimo. Ushushe mpaka robo ya chini kama hadithi yako iko kwenye ghorofa, au upandishe juu kabisa kama hadithi yako ni maji. Minara nayo isilingane upana wala nafasi kati yake. Mji wa Dar wenyewe unakupa zawadi hapa: pale mbele ya bahari, kanisa la mwanzoni mwa karne ya 20 na minara ya zaidi ya ghorofa 30 iliyojengwa katika muongo wa 2010 vinaonekana kwa mtupo mmoja wa jicho. Tofauti hiyo ya vimo usiisawazishe.

Geuza vijichoro kichwa chini. Ambacho bado kinasimama vizuri kikiwa kimegeuzwa, bila wewe kujua tena lipi ni jengo na lipi ni maji, hicho ndicho cha kukuza. Kisha chora mistari ya mraba ndani yake, 3 kwa 4, na kwenye kanvasi miraba ya sentimita 20, ili mpangilio uhame bila kupotea.

Kitambaa, mbao na kinga

Kanvasi ya dukani ikiwa ghali, tengeneza yako. Nunua kitambaa cha amerikani kizito, kilekile cha pamba kisichopaushwa ambacho jina lake limebaki tangu karne ya 19, kilipokuwa kikiletwa Unguja na meli za Marekani. Seremala akukatie mbao za inchi moja kwa mbili, akuundie fremu ya 60 kwa 80, na ukingo wa nje uwe umeinuka kidogo ili kitambaa kisilale juu ya mbao. Kaza kitambaa ukianzia katikati ya kila upande, upande na mkabala wake, kisha endelea kuelekea kona. Ukianzia kona, kitakunjamana na hakitanyooka tena.

Wasiotaka kazi hiyo watumie hadibodi. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia hadibodi na rangi za mafuta za dukani, na kutoka hapo ikazaliwa shule nzima ya uchoraji inayobeba jina lake. Kwa hiyo kifaa cha bei nafuu kisikutie unyonge. Ila kumbuka sheria moja ambayo nimeilipia: akriliki haishiki juu ya rangi ya mafuta. Niliwahi kupaka akriliki juu ya ubao uliokuwa na gloss ya zamani, ile rangi ya mafuta inayong'aa, na baada ya miezi kadhaa picha ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Kinyume chake kinawezekana, mafuta juu ya akriliki iliyokauka. Ubao wenye gloss usugue mpaka ufike kwenye mbao, au uache.

Kitambaa kinahitaji kinga ili kisinywe rangi yote. Kama jeso ya dukani, yaani rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi, haipatikani, changanya vikombe viwili vya emalsheni nyeupe, kikombe kimoja cha gundi nyeupe ya mbao na nusu kikombe cha unga laini wa chaki, kisha maji kidogo mpaka mchanganyiko uwe kama uji mwepesi. (Dukani kwa mafundi ukiomba "rangi ya maji" utapewa hiyo emalsheni ya ukuta, kwa mchoraji maneno hayohayo yana maana nyingine, basi fafanua.) Usitumie chokaa ya kupakia nyumba. Ni kali, inaunguza ngozi na kuharibu baadhi ya rangi. Paka tabaka la kwanza kwa kulalia, acha likauke, sugua kwa msasa laini, paka la pili kwa kusimamia. Matabaka mawili au matatu yanatosha. Wakati wa kusugua funga pua na mdomo.

Rangi sita, si thelathini

Dar inaonekana ina rangi elfu, lakini boksi lenye tyubu nyingi ndilo linalozaa tope. Sita zinatosha. Majina ya dukani hubadilika kwa kila kiwanda, kwa hiyo soma herufi ndogo nyuma ya tyubu, ile namba ya poda iliyomo: buluu nzito PB29, nyeupe PW6, kahawia inayoelekea kutu PBr7 au PR101, manjano ya udongo PY42 au PY43, kisha nyekundu moja angavu na manjano moja kali kama ya limau. Nyekundu yenye PR83 iepuke kwa picha ya kudumu, inafifia kwa mwanga.

Rangi nyeusi usinunue. Changanya PB29 na ile ya kutu, karibu nusu kwa nusu, utapata giza zito lililo hai. Ukiongeza buluu, giza linakuwa la baridi kama kioo cha ghorofa. Ukiongeza kutu, linakuwa la joto kama ubavu wa meli ya zamani. Tia nyeupe humo na utapata kijivu zote za bandari, kuanzia moshi hadi mawingu ya masika. Buluu na manjano ya udongo zinakupa kijani kilichochoka, cha mikoko. Kabla ya kupaka, tumia saa nzima kutengeneza kijivu nane tofauti kwenye kipande cha karatasi, nne zenye ubuluu na nne zenye ukahawia. Wanafunzi hulichukia zoezi hili kwa sababu halizai picha. Lakini anayejua kijivu ndiye atakayeweza kufanya nyekundu iwake.

Jua pia kwamba akriliki ikikauka inazama giza kidogo. Changanya ikiwa nyepesi zaidi ya unavyotaka.

Vifaa vingine: brashi mbili pana za mafundi, inchi 2 na inchi 3, brashi moja nyembamba bapa, kisu cha kuchanganyia rangi, sifongo, kadi za benki au za vitambulisho zilizokwisha muda, utepe wa karatasi wanaotumia mafundi wa kupiga rangi magari, chupa ya kunyunyizia maji, na matambara. Brashi ndogo sana ziache kabatini mpaka siku ya tatu, na hata hapo uzifikirie mara mbili.

Siku ya kwanza: udongo, giza, anga

Changanya ile ya kutu na manjano ya udongo, ongeza maji, upake kanvasi yote kwa brashi pana, kisha futa kwa tambara mpaka ibaki rangi ya udongo usio sawasawa. Weupe wa kanvasi hulidanganya jicho, kila rangi unayoweka juu yake huonekana nzito kuliko ilivyo. Na baadaye, udongo huo utachungulia katikati ya maumbo ya buluu, kama kutu ya mabati inavyochungulia mjini. Maji yasizidi nusu ya mchanganyiko, la sivyo rangi huenda isishike vizuri. Kauka kwake ni nusu saa hivi. Masika, hewa ikiwa na unyevu, washa feni na ungoje zaidi.

Hamisha kijichoro kwa mkaa, mistari michache tu. Kisha chukua brashi ya inchi 3 na upake umbo kubwa la giza, lote kwa mkupuo mmoja. Usizunguke ukingo kwa uangalifu kama mtoto anayejaza kitabu cha rangi. Vuta brashi kutoka juu kwenda chini, mkono mzima ukitembea kutoka begani, uache nyufa udongo uonekane. Ndani ya umbo hilo badilisha kidogo: hapa buluu zaidi, pale kutu zaidi, lakini giza libaki giza. Finya macho kulihakikisha.

Fuata na maumbo ya wastani, kwa kijivu zako.

Anga ije mwisho, na hili ni jambo la thamani kubwa kuliko linavyoonekana. Anayepaka anga kwanza halafu akasimamisha ghorofa juu yake anapata maboksi yaliyobandikwa. Wewe paka ghorofa pana kuliko inavyotakiwa, zivuke mipaka yake, kisha uje na anga uzichonge. Brashi yenye rangi ya anga inakata ubavu wa mnara, inashuka kati ya majengo mawili, inapunguza hapa, inaacha pale. Anga ndiyo patasi. Kingo zinazopatikana hivi zina uhai ambao rula haiwezi kuutoa, na ukikosea unakata tena.

Tena anga ya asubuhi ya Dar si buluu. Hewa ya bahari imejaa mvuke. Karibu na upeo anga ni nyeupe yenye tone la manjano ya udongo, na juu kidogo inaingia kijivu cha ubuluu hafifu. Buluu safi ya tyubu ukiipaka pale, umetoka Kivukoni na kwenda kwenye kadi ya posta.

Acha hapo. Osha brashi, na maji machafu ya rangi usiyamwage kwenye sinki. Yaache yatuame kwenye ndoo, umwage maji ya juu na mashapo uyatupe na takataka.

Siku ya pili: kadi, utepe na paa jekundu

Kadi iliyokwisha muda ndiyo kifaa ninachokipenda kuliko vyote kwa kuchora mji. Paka ukingo wake rangi mbili zisizochanganywa, kwa mfano kijivu cha buluu na nyeupe. Iguse kanvasi pale mnara unapoanzia, kandamiza, na uvute chini mara moja. Rangi zitajichana zenyewe kuwa michirizi: kioo, nguzo, kioo, nguzo. Usirudie. Ukirudia mara ya pili michirizi inakuwa tope, na mara ya tatu unaanza kukasirika. Jizoeze kwenye karatasi hata mara 20 kwanza, mkono ujue uzito.

Kwa maji, kadi hiyohiyo ivute kulalia. Rangi za juu zirudi chini zikiwa zimepoozwa: kilicho cheupe juu kiwe na giza kidogo majini, na kilicho cheusi juu kiwe na mwanga kidogo. Michirizi ya karibu nawe iwe mipana na iliyoachana, ya mbali iwe myembamba na iliyosongamana. Hapo maji yatalala chini. Bila hivyo yatasimama kama ukuta.

Kingo kali zinahitajika mahali pachache tu, karibu na pale unapotaka jicho litue. Bandika utepe wa karatasi, ukandamize kwa ukucha, halafu pitisha kwanza juu ya ukingo wake rangi ileile iliyo chini. Rangi hiyo inaziba matundu madogo. Ikikauka, paka rangi mpya na ubandue utepe kabla haijakakamaa, na ukingo utatoka kama wembe. Kingo nyingine zote zilainishe kwa sifongo lenye unyevu.

Sasa paa. Nyekundu haijagusa kanvasi mpaka sasa, na hilo ni makusudi. Safisha kisu, chukua nyekundu yenye tone dogo la ile ya kutu, na uiweke kwa mpako mnene mahali pamoja, eneo lisilozidi kiganja, mbali na katikati, mathalani kwenye theluthi ya kushoto chini. Kwa kuwa imezungukwa na kijivu, itawaka. Ubandue mkono. Chini yake majini weka mwangwi: nyekundu iliyouawa kwa kijivu, michirizi miwili au mitatu. Utatamani kuweka nyingine kule kulia ili picha "ipate usawa". Kataa. Sentensi yetu ilisema paa moja. Nyekundu mahali patano si paa tena, ni mapambo.

Je, madirisha? Usiyachore. Palipo na rangi mbichi nene, geuza brashi na ukwaruze kwa ncha ya mpini, mikwaruzo mitatu minne iliyokusanyika pamoja, ule udongo wa chini uonekane. Una dakika chache kabla akriliki haijaganda. Kundi moja juu ya mnara mmoja, lingine dogo kwingine, basi. Mtazamaji atajaza yaliyobaki mwenyewe, na atayaamini zaidi kwa sababu ni yake. Piet Mondrian, Mholanzi aliyehamia New York mwaka 1940, aliuchora mji ule miaka yake ya mwisho kwa vipande vya manjano, nyekundu na buluu vilivyofuata mistari iliyonyooka. Hakuna gari wala dirisha, lakini ukitazama unasikia barabara zinavyopishana.

Siku ya tatu: ukungu na mistari

Itazame picha asubuhi kabla ya kuongea na mtu. Pengine maumbo yanapigana, kila moja linapiga kelele. Dawa ni tabaka la ukungu: rangi kidogo kwenye midiamu ya akriliki (kimiminika kisicho na rangi cha kuchanganyia akriliki), au maji kama midiamu haipo, ipakwe juu ya eneo pana na kufutwa hapohapo kwa tambara. Buluu hafifu juu ya theluthi ya chini itaunganisha maji. Nyeupe hafifu juu ya minara ya mbali itaisukuma nyuma, kama mvuke wa bahari unavyofanya. Rangi ya chini iwe imekauka kabisa, vinginevyo utaing'oa. Paa jekundu lisiguswe.

Kisha mistari. Bandari ina winchi za makontena, milingoti, nyaya, na kamba za mashua. Chukua mitatu, minne, usizidi mitano. Chovya ukingo wa kadi kwenye rangi na uguse kanvasi mara moja, au fanya kama fundi ujenzi: loweka uzi kwenye rangi, mtu mwingine ashike ncha moja, uukaze juu ya kanvasi na kuudundisha. Unaacha mstari ulionyooka lakini wenye pumzi, na vitone vidogo pembeni. Mstari mmoja ukatize maumbo mawili au matatu, uyafunge pamoja. Usiishie kwenye kona ya picha, unalitoa jicho nje.

Kujua imefika

Simama hatua sita nyuma. Ipige picha kwa simu na uigeuze nyeusi na nyeupe: je, viwango vitatu vya kijichoro bado vipo, au vyote vimekuwa wastani? Igeuze kanvasi kichwa chini. Itazame kwenye kioo. Halafu fanya jaribio ninaloliamini kuliko yote: funika sehemu yoyote kwa kiganja, usome ile sentensi uliyoiandika kivukoni. Kama umefunika na sentensi bado inasomeka vilevile, sehemu hiyo haina kazi. Ifunike kwa rangi ya jirani yake. Nimeondoa minara mizima kwa njia hiyo, mingine niliyoipenda sana, na picha ikapumua.

Usimuulize mtu kama ni nzuri. Muulize anaona saa ngapi. Akijibu "asubuhi" bila kusita, mwanga wako umesimama.

Vanishi isubiri. Sehemu nyembamba hukauka ndani kwa siku chache, lakini mpako mnene wa kisu upe wiki mbili au zaidi. Tumia vanishi ya akriliki, matabaka mawili mepesi, la pili likikatiza la kwanza, kanvasi ikiwa imelala na dirisha likiwa wazi lakini bila vumbi. Jina lako liandike nyuma pamoja na mwaka. Mbele, kama lazima, kwa kijivu kilichomo kwenye picha.

Ukitundika, epuka ukuta unaopigwa na jua moja kwa moja. Kwenye nyumba za pwani ukuta hutoa unyevu, basi gundisha vipande viwili vya kizibo au vya ndala kuukuu kwenye kona za chini nyuma ya fremu, hewa ipite kati ya kitambaa na ukuta.